Plazma Iliyochelewa Hudanganya

Mgonjwa akitolewa damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI, maabara nyingi hazipimi damu nzima. Hupima plazma, yale majimaji ya manjano yanayofikia karibu asilimia 55 ya damu. Kuitenga ni kazi ndogo kuitazama, lakini majibu mengi huharibikia hapo, kisha lawama ikapewa mashine.

Damu huingia kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, kemikali inayoshika kalisi ili damu isigande. Tyubu hupinduliwa polepole mara nane hadi kumi. Ukiitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe nyekundu hupasuka na plazma ikawa ya waridi. Kisha huzungushwa kwenye sentrifuji, nayo sharti isawazishwe: kila tyubu ikabiliane na mwenzake wa uzito uleule. Ikisimama, chembe nyekundu zimelala chini, plazma iko juu, na katikati kuna utando mwembamba mweupe.

Utando huo ndio wa kuogopwa. Una chembe nyeupe, na ndani ya baadhi yake virusi vimejificha kwenye vinasaba hata kwa mtu anayemeza dawa bila kukosa. Pipeti ikiugusa, au damu ikikaa hadi chembe hizo zikavunjika, kuna vipimo vitakavyohesabu na hivyo vilivyojificha. Mgonjwa ataambiwa virusi vimepanda, na aulizwe kwa nini anaruka dozi! Ndiyo maana plazma hutengwa ndani ya saa 24 tangu damu itolewe, na vipimo vingine hudai mapema zaidi.

Kwa vipimo vingine vya damu, sukari haingoji hata saa hizo. Chembe huendelea kuila ndani ya tyubu, ikipungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida. Potasiamu nayo imejaa ndani ya chembe nyekundu zaidi ya mara ishirini kuliko kwenye plazma. Zikivuja, figo nzima huonekana mbovu. Na kwa kuwa EDTA ya tyubu hizo ni chumvi ya potasiamu, tyubu ya zambarau haipimi potasiamu kabisa.

Kwa hiyo maabara ikikuita utolewe damu upya, usinung'unike. Nenda.