Uzi wa kioo unaopima kupinda

Aliyefika kwenye maporomoko ya Wagenia hapa Kisangani ameiona miti ambayo wavuvi wameisimamisha katikati ya maji ili kutundika mitego. Mti ukisukumwa na maji hupinda: upande mmoja hutanuka, ule mwingine hubanwa.

Boriti ya daraja nayo hupinda, lakini kiasi ambacho jicho halioni. Hapo hutumika uzi wa kioo, fibra optiki, ndugu wa ule unaobeba intaneti, wenye unene wa milimita 0.125 hivi. Ndani yake huchorwa alama ndogo sana zinazorudisha aina moja tu ya nuru. Kenneth Hill na wenzake walianzisha njia hiyo Kanada mwaka 1978. Uzi ukivutwa, alama huachana na nuru inayorudi hubadilika.

Uzi mmoja hautoshi. Joto pia huutanua, na jua letu la mchana lingetudanganya. Kwa hiyo hubandikwa nyuzi mbili, juu na chini ya boriti. Joto likiwa sawa pande zote huzigusa sawasawa. Kupinda huvuta mmoja na kubana mwingine. Tofauti yao ndiyo kipimo. Daraja la Tsing Ma, Hong Kong, limewekewa nyuzi za namna hii.

Mashine ya kusoma nuru hiyo ni ghali. Kwa paa la kanisa, vuta kamba toka ncha hadi ncha chini ya boriti, pima katikati kwa rula, andika tarehe. Rudia kabla ya mvua kubwa. Namba ikibadilika, mwite fundi kabla ya ibada ya Jumapili.