Ndugu Wanne Mlangoni mwa Seli

Mama wa Salale au Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, akigusa uvimbe kwenye titi lake, safari ya tiba humwanzia majini: asubiri bamvua, apande mashua, ashike barabara ya Kibiti, ndipo aelekee Dar es Salaam. Wengi huiahirisha safari hiyo kwa kuwa uvimbe hauumi, au kwa kuona haya. Lakini ndani ya seli, jambo lenyewe halisubiri.

Kila seli imezungukwa na utando, na katika utando huo vimesimama vipokezi, kichwa nje na mkia ndani. Ujumbe wa kukua ukishika kichwa, vipokezi viwili huungana na kutiana alama za fosfeti mikiani, juu ya tairosini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Alama hizo huamsha mlolongo wa kupashana habari hadi kwenye kiini: gawanyika. Ujumbe ukiisha, seli yenye afya hutulia.

Ukoo mmoja wa vipokezi hivi una ndugu wanne, HER1 hadi HER4. Wa pili ana ajabu yake: hakuna ujumbe unaojulikana kuwa wake peke yake, kazi yake ni kuungana na nduguze. Katika takriban wagonjwa 15 hadi 20 kwa kila 100 wa saratani ya matiti, seli za uvimbe hutengeneza HER2 kupita kiasi. Vipokezi vikisongamana hivyo, huungana bila kungoja ujumbe, na amri ya kugawanyika haikomi.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa uvimbe wa namna hii ni mkali zaidi. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumab, kingamwili inayoishika HER2 na kuizuia. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa toleo la kwanza la bei nafuu zaidi.

Hata hivyo, dawa hii humfaa yule tu ambaye uvimbe wake una HER2 nyingi, na jicho haliwezi kulitambua hilo. Hukatwa kipande kidogo cha uvimbe na kupimwa maabara. Basi mgonjwa anayepewa rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, aulize: “Je, uvimbe wangu umepimwa HER2?”

Haya ni pambo la Muislamu, lakini haikuwekwa ili ifiche maradhi. Kutafuta tiba ni mafundisho ya Mtume wetu (rehema na amani zimshukie), na sharia imeruhusu mgonjwa kuchunguzwa panapo dharura. Nanyi akina baba, mama wa watoto wenu akiwaambia ameona uvimbe, msimjibu kwa “tutaona”. Tafuteni nauli, maji ya kwanza yakijaa mpandeni mashua pamoja.