Uwanja wa nyumba Meru na Embu: Pima maji kabla ya kupanda nyasi

AGHALABU mtu akimaliza kujenga nyumba katika kaunti za Meru na Embu, jambo linalomshughulisha baada ya rangi na vigae ni uwanja. Hutamani nyasi za kijani zilizokatwa zikalingana, maua kando ya njia na ua wa miti uliopunguzwa vyema. Hununua nyasi, humlipa kibarua azipande, na baada ya msimu mmoja hugundua kuwa nusu imesombwa na mvua na nusu nyingine imekauka.

Kosa huwa si la nyasi. Ardhi ya kaunti hizi mbili imeinama kutoka Mlima Kenya kuelekea Mto Tana, na udongo wake mwekundu, pamoja na rutuba yake yote, huchukuliwa na maji ukiachwa wazi mteremkoni. Kwa hivyo, maswali ya kwanza ni mawili: Maji ya mvua yatapitia wapi? Na wakati wa kiangazi, maji ya kunyunyizia yatatoka wapi? Mwenye nyumba asiyekuwa na majibu ya maswali haya hana haja ya kwenda kununua miche.

Zamani, uwanja wa boma ulifagiliwa kila siku hadi ukabaki udongo mtupu. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake. Nyoka hawakupata pa kujificha karibu na mlango, watoto walicheza mahali peupe na nafaka ilipata pa kuanikwa. Isitoshe, nyumba ziliezekwa kwa nyasi na zilikuwa ndogo, hivyo maji yaliyodondoka kutoka paani hayakuwa mengi mahali pamoja.

Paa la mabati limebadilisha hesabu hiyo. Milimita moja ya mvua katika eneo la mita mraba moja ni sawa na lita moja ya maji. Paa lenye ukubwa wa mita mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 humwaga karibu lita 1,000, aghalabu kwa muda usiozidi saa moja. Ongeza hapo njia ya gari iliyotandazwa kabro, ambayo pia hainywi maji mengi, na utaelewa ni kwa nini mitaro huchimbika yenyewe katikati ya nyasi, msingi wa nyumba hubaki wazi na majirani wa upande wa chini hulalamika.

Kazi ya kwanza basi ni mifereji ya paani na tangi. Maji yanayozidi tangi yaelekezwe kwenye mtaro usio na kina kirefu, uliochimbwa kukingama mteremko wala si kuufuata, ili yatembee polepole na kuzama ardhini. Pale mteremko ulipo mkali, uwanja ugawanywe kwa matuta, jinsi wakulima wa kahawa na chai wafanyavyo mashambani. Ukingo wa kila tuta upandwe mmea wenye mizizi mingi. Mchaichai hufaa, na mwenye ng'ombe anaweza kupanda nyasi za nepia. Mchanga usioshikwa hivyo huishia katika mito kama Rupingazi na Kathita, na hatimaye katika Mto Tana, ambao mabwawa yake ya umeme yamepungukiwa na nafasi ya maji kutokana na matope.

Baada ya hapo ndipo nyasi huchaguliwa. Katika sehemu za juu zenye baridi na mvua, kama vile Imenti na Manyatta, nyasi za kikuyu ndizo zinazomea kwa urahisi zaidi. Hizi ni nyasi za asili za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na Wakikuyu. Katika karne ya 20 zilipelekwa nchi za mbali kama vile Afrika Kusini, Australia na Marekani, ambako hadi leo hupandwa nyumbani, viwanjani na malishoni. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, na hiyo ndiyo sababu zinashika udongo vizuri. Hata hivyo, sifa hiyo hiyo huzifanya kuwa magugu sugu zikivuka mpaka na kuingia katika shamba la mboga au kahawa. Mtaro mwembamba unaosafishwa mara kwa mara, au safu ya mawe iliyozikwa ardhini, huzizuia.

Sehemu za chini, kama vile Mbeere, zina joto zaidi na mvua chache. Huko ukoka huvumilia kuliko nyasi za kikuyu. Ukikosa maji hugeuka rangi ya majani makavu, lakini mizizi hubaki hai na mvua ikirudi huchipuka tena.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua. Eneo hili lina misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba, na katika sehemu kame msimu wa pili ndio wa kutegemewa zaidi. Kabla ya kupanda, kifusi cha ujenzi kiondolewe chote, kwani saruji na kokoto zilizofunikwa kwa udongo mchache huacha mabaka yasiyoota kitu. Udongo ulimwe na uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Mashamba mengi ya eneo hili yana asidi kutokana na mvua nyingi na matumizi ya miaka mingi ya mbolea za viwandani. Ni vyema udongo upimwe kabla ya kutia chokaa ya shambani, badala ya kukisia.

Vipandikizi vipandwe kwa mistari inayokingama mteremko, vikiwa vimeachana kwa sentimita 15 hadi 20. Palizi katika miezi miwili ya mwanzo ndiyo huamua matokeo, kwa kuwa magugu huota haraka kuliko nyasi. Zikishafunga ardhi, zikatwe mara kwa mara, lakini kila mara isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Nyasi zilizoachwa na urefu wa sentimita nne au tano hukinga udongo na jua kuliko zile zilizonyolewa hadi shinani. Zinazokatwa zinaweza kulishwa ng'ombe au mbuzi, mradi hazijanyunyiziwa dawa.

Suala la maji ya kiangazi ndilo linalostahili kuwekwa wazi. Nyasi za kubaki kijani huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki. Kwa kipande cha mita mraba 50 tu, hizo ni lita 1,250, yaani mitungi zaidi ya 60 ya lita 20. Katika ukame wa mwaka wa 2020 hadi 2022, ambapo mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, kulikuwa na familia katika sehemu kame za kaunti hizi zilizotembea mwendo mrefu kutafuta maji ya kunywa. Kumwagilia nyasi maji ya bomba wakati kama huo ni kumnyima jirani. Jibu ni kupanda nyasi kidogo, mahali zinapohitajika: pale watoto wanapochezea, pale wageni wanapoketi na kwenye mteremko ulio karibu na nyumba. Nafasi iliyobaki ipewe miti, vichaka na mboga, na chini yake kutandazwe majani makavu ili kuhifadhi unyevu.

Kwa ua wa mpakani, kayaba yenye miiba hufunga vizuri lakini hudai kupunguzwa kila mara. Kaliandra haizuii mwizi, ila ina faida nyingine. Utafiti uliofanywa na wafugaji wa Embu katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lantana, licha ya maua yake mazuri, iepukwe kwa sababu husambaa na kuvamia malisho.

Mwenye nafasi ya kutosha anaweza kupanda muringa au muuru, mti wa asili wa miteremko ya Mlima Kenya ambao mbao zake zimeupa Meru sifa. Mikaratusi haifai karibu na nyumba wala karibu na maji. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na chemchemi ing'olewe. Nao ambao viwanja vyao vinafika mtoni wakumbuke kuwa kanuni za maji za 2007 zilitenga ukanda wa mita sita hadi 30, kutegemea upana wa mto, usiofaa kulimwa wala kujengwa.

Kazi yote hii haihitaji kufanywa kwa mkupuo. Mwenye kipato cha kadiri aanze na mifereji na tangi msimu huu, matuta na ua msimu ujao, kisha nyasi na maua. Na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, achukue mwavuli, asimame langoni na kutazama maji yanayotoka kwake. Yakiwa mekundu, udongo wake unaondoka na kazi haijakwisha.