Msalabani hakulipwa mtu

Kila Kwaresima, kuanzia Amani na Muheza hadi Pangani na Tanga mjini, swali lile lile hurudi: ikiwa Mungu ni mwenye huruma, kwa nini hakusamehe tu, mpaka Mwanawe auawe kwanza? Waislamu huwauliza Wakristo kwenye mihadhara, vijana wa kipaimara huwauliza wachungaji, na jibu wanalopewa karibu siku zote ni moja. Mungu alikasirika, haki yake ikadai adhabu, Yesu akaipokea badala yetu, hasira ikatulia. Jibu hili huhubiriwa kana kwamba ndilo Ukristo wenyewe. Silo. Na swali nalo limepinda, kwa kuwa limesimama juu ya jibu hilo hilo.

Anayetaka kujua dhabihu ilifanya kazi gani asome Mambo ya Walawi, kitabu kinachotajwa sana na kusomwa kidogo. Sura ya 16 inaeleza Siku ya Upatanisho na mbuzi wake wawili. Kuhani mkuu anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mmoja, anaungama dhambi za taifa zima, anambebesha. Mbuzi huyo hachinjwi. Anapelekwa jangwani akiwa hai. Anayechinjwa ni yule mwingine, ambaye hakubebeshwa kitu, na damu yake inaingizwa patakatifu ili kupasafisha kutokana na unajisi wa watu. Kama kuchinja kungekuwa kumwadhibu mnyama kwa dhambi za mtu, basi ibada hii yote imefanywa kinyume. Sura ya 6 inaongeza kwamba nyama ya sadaka ya dhambi ni takatifu sana, na makuhani huila mahali patakatifu. Nani angekula kitu kilichojaa hatia, tena akakiita kitakatifu? Sura ya 5 inamruhusu maskini asiyemudu hata hua wawili alete unga, na anasamehewa kama wengine. Unga hauna damu, wala hauwezi kuadhibiwa. Na sura ya 17, inayotajwa kila damu inapohubiriwa, inasema Mungu ndiye aliyewapa watu damu hiyo kwa ajili ya madhabahu. Anayetoa ni Mungu. Mdai hatoi mwenyewe malipo ya deni analolidai.

Hapo hutajwa Waebrania 9:22, kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Mstari huo unaanza kwa kusema kwamba kwa torati karibu vitu vyote husafishwa kwa damu: unazungumzia utaratibu wa Musa, tena kwa neno “karibu”. Sura inayofuata inakana kwamba damu ya mafahali na mbuzi inaweza kuondoa dhambi. Daudi aliambiwa na Nathani kwamba dhambi yake imeondolewa, bila mnyama yeyote kuchinjwa. Watu wa Ninawi walitubu wakaachiliwa. Yule aliyepooza kule Kapernaumu alisamehewa akiwa bado amelala kitandani, msalaba haujasimamishwa. Kwa hiyo kusema kwamba Mungu hakuweza kusamehe mpaka damu imwagike ni kukanusha Biblia yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni Isaya 53, ambako mtumishi anabeba maovu ya wengine na BWANA anaridhika kumchubua. Siwezi kuufanya mstari huo kuwa mwepesi, wala sijaribu. Lakini kubeba matokeo ya uovu wa watu ni jambo moja, na Mungu kupokea malipo ni jambo jingine, na sura hiyo haimtaji mpokeaji wa malipo yoyote. Hata neno fidia, alilolitumia Yesu katika Marko 10, lilimsumbua Gregorio wa Nazianzo katika karne ya 4. Aliuliza fidia hiyo alilipwa nani, akakataa kwamba ni Ibilisi, akakataa pia kwamba ni Baba. Mitaguso ya Nikea mwaka 325 na Kalkedoni mwaka 451 ilieleza Kristo ni nani. Hakuna mtaguso wa kanisa lote uliowahi kuamuru maelezo mamoja ya jinsi kifo chake kinavyookoa. Wazo la heshima ya Mungu inayodai fidia lilipangwa kwa hoja na Anselm, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, naye alitenganisha fidia na adhabu. Kuifanya adhabu kuwa kiini cha maelezo ni kazi ya Wanamatengenezo wa karne ya 16, hasa Calvin. Ni fundisho lenye watetezi makini. Halijawahi kuwa pekee.

Paulo anasema katika 2 Wakorintho 5 kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Anayepatanishwa ni ulimwengu. Mungu hakuwa adui wa kubembelezwa. Mwenye duka anayefuta deni la mteja huibeba hasara yeye mwenyewe, hamtumi mwanawe akapigwe ndipo daftari lifungwe. Msalaba ni Mungu kuibeba hasara hiyo hadharani, mikononi mwa watu walioisababisha. Wasambaa wa zamani wangelielewa hili upesi kuliko lugha ya mahakama: uovu kwao ulikuwa *kubana shi*, kuiharibu nchi, mvua na mazao yakapotea, na dawa yake ilikuwa *kuzifya shi*, kuiponya. Mambo ya Walawi inasema jambo lililo karibu na hilo. Na Mwislamu anayechinja Idi anajua kwamba Kurani, sura ya 22, inasema nyama na damu havimfikii Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu. Isaya, Amosi na Hosea walikuwa wamekwisha kulia kilio kinachofanana na hicho.

Kosa la kuufanya msalaba kuwa malipo lina gharama. Mtu akiamini kwamba msamaha hununuliwa, atapatikana wa kumuuzia: bahasha ya “sadaka ya ukombozi” ya kuvunja laana ya ukoo, mafuta, maji, maombi yenye bei. Huo ni wizi unaofanyika mbele ya madhabahu, na wanaoibiwa ni wagonjwa na wajane.

Mwenye mzigo wa dhambi afanye haya. Ulichokichukua rudisha: Walawi 6 inataka mali irudi pamoja na sehemu ya tano juu yake kabla ya sadaka, kwa hiyo aliyevuna iliki ya jirani aanzie kwa jirani. Una ugomvi na ndugu? Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako ukapatane kwanza. Waanglikana na Wakatoliki wana kitubio, na Walutheri wana maungamo ya faragha katika Katekisimu Ndogo ya Luther. Mwombe padre au mchungaji wako, ni bure. Akikutajia bei, ondoka.