Winchi ya mkono: kabla ya rangi, tazameni ulimi

Kila mwaka kusi ikianza kuvuma kwa nguvu na bahari kuchafuka, mashua hupandishwa ufuoni na wavuvi hukaa chini kutengeneza vyombo vyao. Wakati huo ndipo vikundi hutuletea swali lile lile: tunayo winchi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, imeshika kutu haigeuki, je, tuiuze kwa watu wa chuma chakavu ama inaweza kutengenezwa?

Wazee wa baharini huiita duara. Vijana wanasema winchi. Ni kitu kimoja: pipa la chuma linalokunja kamba, magurudumu mawili ya meno, mkono wa kuzungushia, na kipande kidogo cha chuma kinachoitwa ulimi, ambacho huingia katika meno ili mzigo usirudi nyuma. Nyingine zimefungwa ufuoni kwa kupandisha mashua. Nyingine zilikuwa ndani ya chombo, za kuvuta nanga, jarife la papa au mshipi mrefu wa ndoana nyingi.

Jibu letu ni kwamba nyingi zinafaa kutengenezwa. Chuma chake ni kinene, haili petroli, na karibu kila kifaa chake fundi wa jua kali anaweza kukichonga. Msiwe na haraka na yule mnunuzi anayekuja jioni na pikapu na mizani yake mwenyewe. (Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka awe na leseni, muulizeni kwanza.) Lakini ndugu msomaji, winchi iliyotengenezwa vibaya ni afadhali isingekuwepo kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona. Kikundi kimoja kiliisugua winchi yake kikaipaka rangi ya buluu, jina la kikundi likaandikwa kwa nyeupe, tukaalikwa kuiona. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama kuisifu. Siku ya pili ya kazi, mashua ikiwa katikati ya mchanga, ulimi uliteleza. Mashua ikaanza kurudi majini, na ule mkono wa kuzungushia ukageuka kinyume kwa kasi ambayo huwezi hata kuiona. Ulimvunja kijana mmoja mfupa wa mkono na kumpiga taya. Kaskazi yote iliyofuata, wakati wenzake wanaleta nguru na jodari, yeye alikuwa nyumbani na mke na watoto wanamtazama. Tulipoufungua ulimi tukaona ncha yake imelika imekuwa duara kama kidole, na mahali pa springi palifungwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Rangi ilikuwa nzuri kabisa.

Hebu tueleze kwa nini mkono ule hupiga vibaya hivyo. Tuseme mkono wa winchi una urefu wa sentimita 35, na kutoka katikati ya pipa hadi ukingo wake ni sentimita 7. Hapo nguvu yako imezidishwa mara 5. Kama gurudumu dogo lina meno 15 na kubwa lina meno 60, inazidishwa tena mara 4. Jumla ni mara 20. Mtu anayesukuma kwa nguvu ya kilo 20 anavuta kilo 400 kwa hesabu ya karatasi. Msuguano ukila robo yake au zaidi, zinabaki kama 300. Ndiyo maana watu wawili hupandisha chombo ambacho watu wanane walikuwa wakitoa jasho kukivuta juu ya magogo. Sasa geuza hesabu hiyo. Mzigo ukianza kurudi, pipa likizunguka mara moja mkono unazunguka mara 4, na nyuma yake kuna uzito wa mashua nzima. Hakuna kiganja kinachoweza kuuzuia. Kinachouzuia ni ulimi peke yake, kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba.

Basi kazi ianze namna hii. Kabla ya mafuta yoyote, maji baridi. Wengi hukimbilia kumimina oili chafu juu ya kutu, lakini chumvi iliyojificha chini ya kutu huvuta unyevu kutoka hewani, na ukiifunika kwa oili unaifungia ndani iendelee kula. Ioshe winchi kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, na vipande vinavyotoka uvilaze ndani ya pipa la maji siku tatu au nne ukibadilisha maji kila siku. Wenzetu wa Ziwa Viktoria hawana taabu hii. Sisi wa pwani hatuwezi kuikwepa.

Ikishakauka, changanya mafuta ya taa na oili ya gia nusu kwa nusu, utie kidogo kidogo kwenye kila shafti, kila nati na kila pini. Halafu ngoja. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu shafti hukwama ndani ya bushi kana kwamba imechomelewa, na mafuta huhitaji siku kupenya. Asubuhi na jioni tia tena, gonga kidogo, jaribu kugeuza huku na huku. Wiki moja si nyingi. Ukigonga shafti weka kipande cha mbao au shaba katikati, la sivyo nyundo itatanua kichwa chake na haitatoka tena.

Ikikataa kabisa, moto husaidia, lakini kwa adabu. Chuma cha kumimina hupasuka ukikipasha upande mmoja tu au ukikimwagia maji kingali cha moto. Futa kwanza mafuta ya taa yote, kisha tumia jiko la makaa, pole pole, kuzunguka sehemu yote, halafu uache kipoe chenyewe. Vipande vilivyopakwa zinki, vile vinavyong'aa kama ndoo mpya, msivitie motoni, maana moshi wake huleta homa na kubana kifua. Rangi nyekundu ya zamani nayo huenda ina risasi ndani yake. Isuguliwe ikiwa imeloweshwa maji, mbali na watoto na jikoni, na ule unga ukusanywe uzikwe mbali na kisima.

Vipande vidogo husafishika vizuri kwa siki, ndimu au ukwaju, vitu ambavyo mama zetu walisugulia shaba miaka yote. Viache usiku mmoja, vioshe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali, kausha juani na utie mafuta saa hiyo hiyo. Springi isiingie humo. Chuma chake kigumu hudhoofishwa na vitu vikali, na siku moja hukatika bila kuonyesha dalili. Nunueni springi mpya, bei yake haifiki nauli ya kwenda hospitali.

Sasa tufike kwenye ulimi wenyewe. Ukiushusha taratibu ndani ya meno, ncha yake lazima ifike chini kabisa na uso wake ulale sawasawa juu ya uso wa jino. Paka chaki kwenye jino, bonyeza ulimi, kisha utazame alama. Chaki ikishika ncha tu, ulimi umelika. Ukiwa umelika kidogo, tupa inatosha kuunyoosha. Ukiwa umelika sana, fundi auongezee chuma kwa kuchomea halafu auchonge, au bora achonge mpya kutoka kwenye springi ya gari, ambayo ni chuma kigumu, na aupashe moto tena baada ya kuchonga ili ugumu urudi bila kuwa wa kukatika kama kioo. Hii si kazi ya kila fundi. Muulizeni kama amewahi kutengeneza tindo, na kama tindo zake zinadumu. Tazameni pia tundu la pini ya ulimi. Likiwa limepanuka, ulimi hucheza kando na siku moja utapanda juu ya jino.

Fremu ikiwa na ufa, msidanganywe na mtu wa kuchomea anayemaliza kwa dakika tano. Chuma cha kumimina kikichomelewa baridi hupasuka tena pembeni ya mshono. Kinatakiwa kupashwa moto kwanza, kitiwe fimbo za nikeli au kiungwe kwa shaba, na kipozwe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Kama ufa umepita kwenye bolti zinazoshika fremu chini, hapo mimi nasema uzeni hicho chuma.

Kuhusu grisi kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kutumia mafuta ya kupikia au sifa. Sifa ni nzuri kwa mbao za chombo, lakini kwenye meno ya chuma hukauka ikawa gundi. Kosa la pili ni kupaka grisi nyingi kwenye meno yaliyo wazi ufuoni. Grisi ikichanganyika na mchanga huwa msasa, nanyi wenyewe ndio mnaizungusha. Ndani ya bushi tieni grisi isiyooshwa na maji, ile ya kalsiamu ni nzuri. Kwenye meno ya nje oili nyepesi inatosha, kisha winchi ifunikwe turubai.

Bolti za stenlesi mkizitia kwenye pipa la alumini, wekeni washa ya mpira au ya plastiki katikati. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ya redio, na ile dhaifu huliwa. Nimeona alumini imekuwa unga mweupe kuzunguka bolti iliyokuwa inang'aa kama mpya.

Kabla ya kazi, jaribuni. Fungeni magunia ya mchanga, yainuliwe nusu mita tu kutoka chini, mtu asisimame chini wala kwenye mstari wa kamba. Anzeni na gunia moja, mwongeze moja moja mpaka mpite kidogo uzito mnaotegemea kuvuta, mwache nusu saa. Wekeni alama ya chaki kwenye pipa mwone kama limerudi. Sauti ya ulimi iwe sawa, ka-ka-ka, bila kuruka hata mmoja. Kamba isiishe yote kwenye pipa, mizunguko 5 ibaki daima. Mkumbuke pia kwamba pipa likijaa kamba mpaka unene wake ukawa mara mbili, nguvu yenu inabaki nusu. Kwa hiyo msimlaumu anayezungusha kwamba amechoka. Na wakati wa kushusha mashua, breki ishike kwanza na mkono wa kuzungushia utolewe kabisa kabla ya ulimi kuinuliwa.

Kuna vikundi vimetuuliza kama winchi inaweza kuvuta juya la kukokota. Inaweza, lakini hatutawasaidia kwa hilo. Juya la ufuoni limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, linafagia mpaka vifaranga, na BMU yenu inalijua jambo hilo. Ivute mashua, nanga na jarife.

Baada ya kila siku ya kazi, ndoo mbili za maji baridi, kitambaa, matone machache ya oili kwenye pini ya ulimi, na turubai. Ule mkono wa kuzungushia usiachwe ufuoni, maana watoto huchezea. Akae nao mweka hazina nyumbani kwake, na anayeuchukua aandike jina.