Je, Wajua? Umeme wa Safarini, Masisi na Walikale

Dereva wa lori anayetoka Sake, mashariki mwa Kongo, akapanda vilima vya Masisi, akapita Nyabiondo na kuteremkia misitu ya Walikale, hawezi kuahidi siku ya kufika. Mvua ikikolea, gari hunasa kwenye tope, na kabini inageuka chumba cha kulala na ofisi ya mizigo. Simu, tochi, redio na taa vinataka chaji hata pale ambapo hakuna nguzo ya umeme. Mchimba madini, mwalimu wa kijijini na familia iliyokimbia vita wana haja hiyohiyo. Haya ni mambo yanayostahili kujulikana kuhusu umeme huu mdogo, kwa sababu anayeuelewa hupata mwanga mwingi zaidi kutoka kwenye betri ileile.

Je, wajua kwamba umeme wa Inga haufiki Kivu?
Mabwawa ya Inga I (1972) na Inga II (1982), kwenye Mto Kongo, yamejengwa yawe na uwezo wa megawati 1,775 kwa pamoja. Laini yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi husafirisha sehemu ya umeme huo hadi kwenye migodi ya Katanga. Kivu haimo kwenye njia hiyo. Inategemea vituo vya karibu, kama vile Ruzizi na Matebe. Kituo cha Matebe, wilayani Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 na kina uwezo wa megawati zaidi ya 13. Katika Kongo nzima, takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme. Vijijini ni wachache mno.

Je, wajua kwamba Walikale inakaribia ukubwa wa Rwanda?
Wilaya hii ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na Rwanda nzima ina 26,338. Sehemu kubwa ni msitu mnene. Barabara zilikuwa mbaya kiasi kwamba katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, zikabeba madini hadi Goma. Kusimamisha nguzo katika nchi ya namna hii ni kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana umeme unaobebeka umetangulia.

Je, wajua kwamba huenda simu yako ina madini ya Masisi na Walikale ndani yake?
Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, hutoa tantali, metali inayotumika kutengeneza vifaa vidogo vinavyohifadhi na kutuliza umeme ndani ya simu na kompyuta. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya pekee hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Huko Bisie, wilayani Walikale, kuna mawe yenye bati kwa wingi usio wa kawaida, na mgodi wa kisasa ulianza kuzalisha mwaka 2019. Karibu nusu ya bati yote duniani huenda kwenye lehemu, ile inayounganisha vipande vya saketi. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi, metali yenye sumu, katika vifaa vingi vya elektroniki, lehemu ya simu imekuwa karibu yote ni bati. Watu wanaochimba mawe haya wanastahili kuwa wa kwanza kufaidi umeme, na bado wengi wao wanalala gizani.

Je, wajua kwamba "mAh" (miliampea-saa) peke yake haitoshi?
Kipimo kinachosema kweli ni wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Simujanja yenye betri ya mAh 5,000 huhifadhi takriban wati-saa 19. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye mAh 1,000 huhifadhi karibu 4 tu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Umeme mwingine hupotea njiani kama joto, hivyo simujanja moja hula kama wati-saa 25. Mwenye kibanda cha kuchajia atahudumia simujanja 24 hivi, au vitochi zaidi ya mia moja, kabla betri haijaomba kupumzika. Hesabu hii ndogo ndiyo inayotenganisha biashara inayodumu na ile inayoua betri kila baada ya miezi michache.

Je, wajua kwamba lori kubwa kwa kawaida lina volti 24?
Zinatokana na betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Mafundi wengine huchomeka redio au taa ya volti 12 kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Kifaa kinawaka, lakini betri hiyo hubaki na njaa huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Njia salama ni kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, au chaja ya USB iliyoandikwa "12–24V". Soma maandishi hayo kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba si simu inayomaliza betri ya lori?
Betri mbili za ampea-saa 150 zina jumla ya wati-saa 3,600. Kuchaji simu moja hakufiki asilimia 1 ya hizo. Taa mbili za mbele, kila moja ya wati 70, zikisahauliwa kwa saa 10, hula wati-saa 1,400. Asubuhi huenda stata ikakataa, na msafara wote nyuma ukasubiri.

Je, wajua kwamba kuunguruma kwa injini ni njia ghali mno ya kuchaji?
Lori kubwa likisimama huku injini ikiwaka huchoma takriban lita 3 za dizeli kwa saa. Lita moja ina nishati ya kama wati-saa 10,000. Kuwasha injini saa nzima ili kujaza simu ya wati-saa 19 ni kumwaga mafuta yaliyobebwa kwa taabu. Chaji vifaa wakati gari linatembea, kwa maana hapo umeme wa altaneta unapatikana bila gharama ya ziada inayoonekana.

Je, wajua kwamba inveta hula hata isipofanya kazi?
Kupandisha volti 12 hadi 220 kwa inveta, kisha chaja ya ukutani izishushe tena hadi 5, ni kuzunguka mlima ili kufika nyumba ya jirani. Kila hatua hupoteza umeme, na inveta iliyoachwa ikiwaka usiku huendelea kunyonya betri. Kwa simu, tochi na redio, chaja ya USB iliyounganishwa na betri moja kwa moja inatosha. Inveta ibaki kwa kompyuta au mashine ya kunyolea.

Je, wajua kwamba huku paneli ya sola inaweza kulala juu ya paa?
Masisi-kati na Walikale-kati ziko kama nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Anayeishi Ulaya lazima ainue paneli yake sana. Dereva wa Kivu anaweza kuilaza juu ya kabini bila hasara kubwa. Ikifungwa nyumbani, iinamishe kama nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi.

Je, wajua kwamba baridi ya Masisi ni rafiki wa paneli?
Paneli hupenda mwanga na huchukia joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25 huipunguzia karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Ikipata joto la nyuzi 65 imepoteza kama asilimia 16. Hewa ya vilima vya Masisi huipoza, ingawa ukungu nao hupunguza mwanga. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya paneli na bati la paa ili upepo upite. Huko Walikale adui ni kivuli: seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano, hivyo jani moja la mgomba likifunika seli chache laweza kushusha nguvu ya sehemu kubwa ya paneli.

Je, wajua kwamba simu huchoka zaidi pasipo na mtandao?
Ikikosa mnara, huongeza nguvu ya kutafuta na kumaliza chaji. Ukiingia msituni, weka hali ya ndege. Ukifika kilimani penye mawimbi, ifungue upige simu zako.

Je, wajua kwamba redio ndogo haifikii hata wati moja kwa sauti ya kawaida?
Ndiyo maana imebaki rafiki wa waliokimbia makazi. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo iliyoanza Februari 25, 2002, hutangaza kwa Kiswahili pia. Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungushwa kwa mkono mwaka 1991, ili habari za afya ziwafikie Waafrika wasio na umeme wala pesa za betri.

Je, wajua kwamba Wakongo waliokulia ukimbizini wanauza taa za sola?
Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikimbia Kivu Kusini, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwaka 2013 walianzisha Altech, kampuni inayouza taa za sola nchini Kongo. Walijua giza kwa kuliishi, wakachagua kulipunguza.

Je, wajua kwamba betri iliyokufa bado ni hatari?
Ya asidi ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Usiipasue, usiichome, usimwage asidi yake karibu na kijito. Ya simu ikivimba, acha kuichaji mara moja.

Basi, msomaji, kabla ya kununua betri au paneli, soma namba zilizo ubavuni, piga hesabu ya wati-saa, kisha mwelekeze na jirani yako. Umeme mdogo unaokoa usiku wa leo. Haki ya watu wa Masisi na Walikale, ambao ardhi yao inaziwezesha simu za dunia nzima, ni kupata amani na umeme kamili majumbani mwao.