Mtu Akianguka Ngazini, Deni Ni la Nani?

Usangi ni nchi ya mteremko. Hapana mtu wa huko awezaye kwenda sokoni, shuleni, msikitini au kanisani asipande na kushuka, na nyumba nyingi zilizojengwa ubavuni mwa mlima zina ngazi mbele ya mlango: vidaraja vitano, kumi, pengine zaidi. Mvua za masika zinyeshapo, tangu Machi hata Mei, vidaraja hivyo hupata utelezi. Maji huchukua udongo ulio chini yake, na jiwe lililokuwa imara huanza kucheza. Mama aliyejitwika mkungu wa ndizi haoni akanyagapo. Akianguka na kuvunjika mguu, watu husema, "Ajali haina kinga," wakamchukua hospitali, na mambo yakadhaniwa kuwa yamekwisha.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba pengine hayajakwisha. Ziko ajali zisizo na kinga kweli, kama mti mzima kuangushwa na tufani. Lakini jiwe lililocheza mwezi mzima machoni pa mwenye duka lilikuwa na kinga, nayo ni saruji kidogo na kazi ya nusu siku. Sheria huuliza hivi: Je, yuko mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya ngazi ile, akajua au akapaswa kujua kuwa ni mbovu, naye asifanye lililompasa? Akiwapo, aliyeumia aweza kumdai fidia.

Wazo hili si geni. Torati ya Musa ilimwagiza ajengaye nyumba mpya atie ukingo juu ya dari, asije akawa na hatia mtu akianguka. Na mtu aliyechimba shimo asilifunike alipaswa kumlipa mwenzake ikiwa ng'ombe wake ametumbukia. Mwenye kitu cha hatari ndiye mwenye wajibu wa kukilinda.

Katika nchi yetu sheria ya madai ya namna hii ilitoka Uingereza. Amri ya mwaka 1920 iliyoanzisha mahakama za Tanganyika iliagiza kwamba kanuni za sheria ya Kiingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka ule, zifuatwe kwa kadiri zinavyofaa kwa hali ya nchi na watu wake. Miongoni mwa kanuni hizo ilikuwako hukumu mashuhuri ya mwaka 1866. Fundi wa mabomba ya gesi aliingia katika kiwanda cha sukari huko London kwa kazi yake, akaanguka katika tundu la sakafu lisilozungushiwa kitu. Mahakama ilisema kuwa mtu aliyeingia kwa shughuli inayomfaa mwenye mahali, naye akijiangalia mwenyewe, ana haki ya kutumaini kuwa mwenye mahali atamkinga na hatari isiyo ya kawaida anayoijua au inayompasa kuijua. Fundi yule alishinda.

Sasa na tutazame maswali manne ambayo hakimu huyapima.

Kwanza, ni nani mwenye mamlaka juu ya ngazi? Hapa wengi hukosea, wakidhani ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika hati ya nyumba, basi. Sheria humtafuta mwenye kuisimamia. Ukimpangisha mtu duka zima pamoja na ngazi yake, na matengenezo yote yakawa juu yake, huyo mpangaji ndiye wa kuulizwa kwanza. Lakini kama nyumba ina wapangaji watatu wanaopita ngazi moja, nawe umebaki na kazi ya kuitengeneza, wewe ndiwe mwenye wajibu, hata kama unakaa Moshi au Dar es Salaam na huiangalii ila mara moja kwa mwaka. Pengine huwa wawili pamoja. Katika hukumu ya mwaka 1966, kesi ya Wheat, mgeni alikuwa ameanguka na kufa katika ngazi ya nyuma ya nyumba ya wageni huko Great Yarmouth. Mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kuwa kampuni yenye nyumba na msimamizi aliyekaa humo wote wawili walikuwa na wajibu kwa wageni.

Pili, je, ngazi ilikuwa mbovu kweli? Kuanguka peke yake si ushahidi. Katika kesi hiyo ya Wheat, fito ya kushikia ilikoma kabla ya vidaraja vya mwisho, na taa ya juu haikuwa na globu. Hata hivyo madai yalishindwa, kwa kuwa fito ile fupi haikuwa hatari kwa mtu atumiaye ngazi kwa uangalifu taa ikiwaka, na globu ilielekea kuwa imeondolewa na mtu asiyejulikana muda mfupi kabla. Mwenye nyumba hakutakiwa kuwa mtume wa kujua ya gizani. Alitakiwa kufanya yale ambayo mtu mwenye busara angefanya.

Tatu, aliyeanguka alikuja kwa njia gani? Zamani Waingereza waligawa wageni kwa daraja: mnunuzi dukani alipata ulinzi mkubwa, na mtu aliyeruhusiwa tu kupita alipata mdogo. Mwaka 1923 mwanamke mmoja aliyekaa kwa ndugu yake katika nyumba ya kupanga alinasa kisigino katika shimo la kidaraja kilicholika, akaanguka. Alishindwa, maana alihesabiwa kuwa ni mwenye ruhusa tu, na shimo lile lilionekana wazi. Watu wengi waliona ubaya wa ubaguzi huo, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 ikauondoa: kila aingiaye kwa halali apewe uangalifu ule ule. Kenya nayo ilitunga sheria ya mfano huo, nayo ni Sura ya 34 ya sheria zake. Watoto huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mtoto haioni hatari kama mtu mzima aionavyo. Walimu na walikumbuke hili.

Nne, je, aliyeanguka naye alikosa? Mtu aliyekimbia gizani, au aliyelewa, aweza kuwa amechangia maumivu yake. Hapo hakimu hugawa lawama. Tuseme hasara yote ni shilingi 300,000, na hakimu ameona theluthi moja ni kosa la aliyeanguka: atalipwa shilingi 200,000.

Wako wanaodhani kuwa kibao chenye maneno "Angalia Ngazi" kinatosha. Hakitoshi siku zote. Asiyejua kusoma hakimfai, usiku hakionekani, na kama hapana njia nyingine ya kuingia, mgeni atafanya nini hata akionywa? Onyo hufaa likiwa lamwezesha mtu kujiokoa. Matengenezo hufaa zaidi.

Aliyeumia na afanye haya. Ngazi itazamwe siku ile ile, na ikiwezekana ipigwe picha kabla haijatengenezwa. Majina ya walioona yaandikwe. Karatasi za hospitali na stakabadhi za dawa zitunzwe, pamoja na hesabu ya siku alizokosa kazi, kwa maana fidia hupimwa kwa gharama, mapato yaliyopotea na maumivu. Kisha na wakutane mbele ya wazee, kwa kuwa mapatano mema hupunguza gharama na chuki. Yaandikwe na kutiwa sahihi. Wakishindwa kupatana, madai ya uzembe yana muda wake: miaka mitatu, kwa sheria ya mwaka 1971. Akingoja zaidi, mlango waweza kufungwa. Na ikiwa ngazi ni ya Serikali, kama ya shule au zahanati, yapasa kwanza kuipa Serikali taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri.

Mwenye nyumba naye ana kazi yake, nayo si kubwa. Vidaraja vyote viwe na kimo kimoja, maana mguu huzoea kimo cha kwanza, na kimoja kikizidi au kupungua mtu hujikwaa. Mafundi wana kipimo cha zamani: kimo mara mbili, ukiongeza upana wa pa kukanyagia, yapata sentimita 60 hata 65. Kimo cha sentimita 16 na upana wa sentimita 30 hufanya 62, nayo ni ngazi ya kupandika hata na mzee. Pawe na fito ya kushikia, maji yapewe mfereji wa kando yasipite juu ya vidaraja, na utelezi usuguliwe kila baada ya mvua kubwa. Penye watu wengi usiku, pawe na taa.

Kuhusu ngazi za shule, soko na nyumba za ibada, watu wa Upare hawahitaji kufundishwa. Ule msaragambo uliosafisha mifereji na ndiva za maji waweza pia kutengeneza vidaraja kabla ya masika. Viongozi wa vijiji na waziangalie ngazi hizo mwezi wa Februari, wala wasingoje mtu aanguke ndipo waitane. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kuwa ukuta ni mali tu, bali mguu wa mwenzako huwezi kuujenga.